Piga Picha Kabla Hamjafunika Msingi
Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Roret

Najua karani wa kituo cha majani chai hangoji mtu, kwa hivyo nitaanza mara moja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu za miradi ya ujenzi. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria daftari la katibu na faili ya risiti. Hizo ni lazima, na mlishafundishwa mwaka jana. Leo nataka tuongee juu ya picha, tena picha ya aina moja: ile pana, inayochukua uwanja mzima kutoka kona hii hadi kona ile. Wapiga picha huiita panorama. Mimi nitaiita picha pana, nanyi mtanielewa.

Nitawaeleza kwanza kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Kikundi kimoja, sitakitaja wala sitasema kiko upande gani, kilijenga nyumba ndogo ya kukusanyia maziwa. Kiwanja kilikuwa mteremkoni, kama viwanja vyetu vingi huku. Mchoro ulisema msingi uchimbwe futi 3. Upande wa juu futi 3 zilitosha. Upande wa chini fundi alifika futi 3 akakuta udongo bado ni laini, ukikanyaga mguu unazama. Akaendelea mpaka futi 5 na nusu, ndipo akapata ardhi ngumu. Fundi yule alifanya vizuri. Lakini ukuta wa msingi ulioongezeka ulikula mifuko 16 ya simiti ambayo haikuwa kwenye hesabu. Mweka hazina, mama mjane, alinunua, akaandika "simiti ya msingi", akaweka risiti. Wiki iliyofuata udongo ukarudishwa na kushindiliwa, nyasi zikaota.

Miezi sita baadaye, siku ya kuchagua kamati, mtu mmoja akasimama na mchoro mkononi. Msingi wa futi 3 unakula mifuko mingapi? Akapiga hesabu mbele ya watu wote. Mifuko 16 haikuonekana. Fundi alikuwa amehamia kazi nyingine mbali. Risiti zilikuwapo, lakini risiti huonyesha kwamba simiti imenunuliwa. Haionyeshi imeenda wapi. Mama yule alilipa mifuko 16 kutoka bonasi yake ya majani. Hakuwa na hatia. Alilipa kwa sababu watoto wake walisoma darasa moja na watoto wa watu wale wale, na alichoka kutazamwa. Baada ya mwaka mmoja na zaidi kikundi kilichimba mtaro wa maji upande wa chini, na ukuta ukatokea wote, futi 5 na nusu. Je, walimrudishia pesa? Walimrudishia nusu. Yeye alikuwa amekwisha kuacha uanachama.

Sasa, picha moja tu ya siku ile msingi ulipokuwa wazi, na kijiti cha vipimo kimesimamishwa ndani ya shimo, ingemaliza maneno kabla hayajaanza. Ndiyo maana nawaambia kila siku: mambo makubwa katika jengo ni yale yanayofunikwa. Msingi unafunikwa na udongo. Vyuma vinafunikwa na konkriti. Mabomba ya maji yanafunikwa na shamba la mtu. Mbao za paa zinafunikwa na mabati juu na siling'i chini. Siku ya kufungua mradi wageni wanapigwa picha wakikata utepe mbele ya ukuta uliopakwa rangi, na rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika jengo lile.

Mtaniuliza: kwa nini picha pana, si picha ya kawaida? Fikirini hivi. Nikikuonyesha picha ya mtaro tu, mtaro wenye mawe na simiti, utajuaje ni mtaro wenu? Inaweza kuwa ya Litein, inaweza kuwa ya Sotik. Mtu mbishi atasema ulipiga kwa jirani. Lakini picha ikishika mtaro pamoja na mkaratusi wa mzee fulani, na paa la shule, na kilima kilicho nyuma, na mpaka wa chai ya jirani, hakuna wa kubisha. Zaidi ya hayo, picha ya kawaida mpigaji ndiye anayechagua nini kiingie na nini kibaki nje. Picha pana humnyima nafasi hiyo kwa kiasi. Inabeba rundo la balasti lililobaki, mbao zilizolala kwenye mvua, mifuko iliyowekwa chini ya paa la jirani. Mara nyingi kitu kitakachohitajika baadaye ni kile ambacho mpiga picha hakukifikiria hata kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni alipiga picha za vilima vya Machakos, wakati ambapo udongo ulikuwa unakwisha kwa mmomonyoko na wakubwa wengi walisema nchi ile imeharibika kabisa. Mwaka 1991 watafiti, akina Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walihakikisha kwamba sehemu zile zile zinapigwa picha tena. Kitabu chao kilitoka 1994. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na kwa hesabu ya wale wakubwa nchi ilipaswa kuwa jangwa. Picha zilionyesha matuta kila upande, miti mingi zaidi, na mashamba yaliyotunzwa. Na nani aliyachimba matuta mengi yale? Vikundi vya mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana vya Wakamba, wengi wao akina mama. Watu kama nyinyi. Isingekuwa picha za zamani zilizochukua kilima kizima, kazi ya mikono yao ingebaki hadithi tu ya wazee.

Na Uganda yako makaburi ya Wakabaka pale Kasubi, Kampala, ambapo wamezikwa Wakabaka wanne. Mwaka 2009 wataalamu walipima nyumba ile kubwa ya nyasi kwa mashine za mwanga na kuichukua picha pande zote. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua. Mashine ile haikuzima moto, lakini vipimo na sura ya nyumba kabla ya kuungua vilikuwa vimehifadhiwa mahali moto haukufika. Kujenga upya kulichukua miaka mingi, na ni mwaka 2023 ambapo UNESCO iliyatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sisi hatuna mashine zile. Lakini zahanati iliyoezekwa kwa mbao kavu, yenye nyaya za stima za miaka mingi, nayo inaweza kuungua. Nani kati yetu anaweza kuniambia leo madirisha ya zahanati yake ni mangapi upande wa nyuma?

Wale waliowahi kuingia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililofunguliwa Mei 2015, wanajua shida nyingine. Ukiingia mlangoni paa liko chini, halafu linapanda na kupanuka kadiri unavyokaribia altare. Limejengwa kwa watu kama 1,500. Simama mlangoni na simu yako upige picha ya kawaida: utapata viti na kipande cha ukuta. Jengo lenyewe halionekani. Hata darasa dogo la nasari lina shida hiyo hiyo, kwa sababu ukirudi nyuma ili upate ukuta mzima, unagonga ukuta wa upande wa pili. Hapo ndipo picha pana inasaidia sana, hasa kwa kazi ya kukarabati nyumba ya zamani.

Haya, sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Simu nyingi za kugusa siku hizi zina sehemu ya picha pana. Tafuteni neno "pano" au "panorama" pale kwenye kamera, au mwulize kijana wako. Ukiibonyeza, unazunguka polepole, na simu inaunganisha vipande vingi kuwa picha moja ndefu. Kwanza futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu inayokaa mfuko mmoja na mikono yenye utomvu wa majani haiwezi kutoa picha safi. Shika simu ikiwa imesimama, si kulala, ili upate urefu wa paa na wa shimo pia. Banisha viwiko mbavuni. Halafu zunguka mwili wako kwa visigino, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Msinyooshe mikono mkaizungusha simu kwa mbali, wala msitembee huku mnapiga. Ukitembea, nguzo iliyo karibu na ukuta ulio mbali vinasogea kwa mwendo tofauti, na simu inashindwa kuviunganisha: utaona ukuta umekatika, paa lina ngazi.

Watu watulie. Simu inachukua kipande baada ya kipande, na anayetembea atatokea mara mbili, au atatokea nusu. Kwenye mradi mmoja wa tangi tulipata fundi mwenye kichwa na kofia bila kiwiliwili, na akina mama walicheka mpaka kazi ikasimama. Picha ile haikufaa kitu, ingawa naambiwa bado inazungushwa kwenye simu za watu.

Mwanga. Huku kwetu asubuhi huwa wazi na mchana mvua inakuja, mara nyingine mvua ya mawe. Pigeni asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Msianze kuzunguka mkiwa mmeelekea jua, kwa sababu simu nyingi hupima mwanga pale unapoanzia, na sehemu zote nyingine zitakuwa nyeusi. Ndani ya nyumba msianzie dirishani kwa sababu hiyo hiyo. Anzeni kwenye kona, mkae katikati ya chumba, mzunguke mpaka mrudi karibu na mlipoanza. Simu ikisimama njiani, piga mbili, kila moja nusu ya chumba, zipandane kidogo kwenye kona.

Sasa jambo ambalo watu wanalipuuza, na kwangu mimi ndilo kubwa: kigingi. Siku ya kwanza, kabla jembe halijagusa ardhi, kamati ichague mahali pawili pa kusimama. Pamoja pawe upande wa juu wa mteremko, ambapo unaona kiwanja chote kwa chini. Pengine pawe kona iliyo kinyume, upande wa chini. Pigilieni kipande cha chuma hapo, mkimwagie konkriti kidogo, mpake rangi nyekundu. Picha zote, za miezi yote, zitapigwa mtu akiwa amesimama juu ya vigingi hivyo viwili. Kateni pia fimbo ya futi 5 na mwegemeze simu juu yake, ili mrefu na mfupi wapige kwa kimo kimoja. Mkifanya hivyo, picha ya Januari na ya Juni zinaweza kuwekwa moja juu ya nyingine na hata mtoto ataona kilichoongezeka. Bila vigingi mtapata picha nzuri nyingi zisizolingana.

Mpige lini? Uwanja mtupu, pamoja na mipaka na miti ya majirani. Hii imenusuru vikundi kwenye ugomvi wa ardhi. Msingi ukiwa umechimbwa, na kijiti chenye alama za futi ndani yake, kabla ya konkriti. Vyuma vya slabu na vya linta vikiwa vimefungwa. Mbao za paa kabla ya mabati. Mabomba yakiwa ndani ya mtaro, na hapa mtembee mpaka kila kiungo na kila valvu, mpige pana ili nyumba au mti ulio karibu uonekane. Niliwahi kuona watu wakichimba siku tatu shamba la mahindi wakitafuta kiungo kimoja kinachovuja. Baada ya kumaliza pigeni tena, na mwaka mmoja baadaye pia, msiache.

Kwa ukarabati, pigeni kila chumba kabla hamjabandua hata msumari. Kwenye ufa wa ukuta, wekeni alama ya penseli mwanzo na mwisho wa ufa na tarehe, ndipo mpige pana na ya karibu. Mkipaka rangi juu ya ufa na ukarudi, mtajua ni ule ule au ni mpya.

Picha zikipatikana, siku hiyo hiyo katibu aandike daftarini: tarehe, kigingi namba gani, hatua gani ya kazi, nani amepiga, na mifuko mingapi ya simiti imetumika mpaka leo. Picha isiyo na maandishi, baada ya miaka mitano, ni picha ya watu wasiojulikana wamesimama kwenye matope. Zile kubwa za kila hatua mzichapishe studio, Litein au Kericho. Mwambieni mwenye studio asikate pembeni ili itoshe karatasi ya kawaida. Achapishe ndefu, au aigawe vipande viwili. Mkitumiana kwa WhatsApp, itumeni kama faili, si kama picha, kwa sababu ikienda kama picha inapunguzwa, na mkikuza hamtaona hata idadi ya vyuma. Na msiziache kwenye simu moja. Simu ikiibwa sokoni, kumbukumbu za mradi zimeenda nayo.

Lazima niseme pia ambacho picha pana haiwezi. Inapinda vitu. Ukuta ulionyooka utaonekana una tumbo, na chumba kidogo kitaonekana kama ukumbi. Msipime kitu kwa picha hiyo. Tepi ndiyo ya kupimia. Na mkiiweka kwenye ripoti ya mfadhili, andikeni chini ukubwa halisi wa chumba, msimwachie afikirie mmejenga jumba. Tena picha haionyeshi kama konkriti ilichanganywa vizuri au kama simiti ilikuwa imeganda kwenye stoo. Hapo mnahitaji fundi mwaminifu na ofisa wa ujenzi wa kaunti aje kwa miguu yake.

Msizitumie pia kama fimbo ya kumpigia fundi. Mwambieni siku ya kwanza kwamba mtapiga picha kila hatua. Fundi mzuri hufurahi, kwa sababu picha zile ni barua yake ya kuombea kazi nyingine. Fundi atakayekataa kabisa, mimi ningeanza kuuliza maswali.

Kuhusu miradi ya serikali, tangu fedha za CDF zilipoanza 2003 na kaunti zilipoanza 2013, tumeona madarasa na zahanati nyingi zikisimama, nyingine zikisimama nusu. Mwaka 2007 kule Mombasa shirika la MUHURI liliwafundisha wakazi wa Changamwe kushika karatasi za miradi ya CDF na kwenda uwanjani kulinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa. Siku hizi Katiba ya 2010, kifungu cha 35, na sheria ya 2016 ya kupata habari zinampa raia haki ya kuomba karatasi hizo. Ukienda kuomba ukiwa na picha pana za miezi minane, zenye tarehe, zilizopigwa kutoka kigingi kimoja, unaongea kwa utulivu. Huhitaji kupiga kelele.

Nimeletewa maswali matatu kwa vikaratasi.

La kwanza, kogo mmoja anauliza: kikundi chetu hakina simu kubwa, tuna kamera ya kawaida tu, tutafanyaje? Kogo, watu walipiga picha pana kabla ya simu hizi kuwapo. Simama kwenye kigingi, piga picha tano au sita ukizunguka, kila moja ichukue theluthi moja ya ile iliyotangulia. Zikichapishwa, zipange kwenye karatasi ya manila, uziunganishe kwa gundi pale zinapopandana. Zitaonekana na mikunjo, lakini zitasema kweli ile ile. Mimi hata nazipenda kuliko za simu, maana hakuna anayetokea bila kiwiliwili.

La pili: je, tukipiga shuleni watoto wakiwemo, kuna kosa? Picha pana inachukua kila mtu, hata asiyejua anapigwa. Sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu inataka idhini ya mzazi kwa mambo ya mtoto. Rahisi zaidi ni kupiga Jumamosi au wakati wa likizo, shule ikiwa haina watoto. Kwenye zahanati, msipige wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Ngojeni.

La tatu ni gumu kidogo: katibu akijiuzulu kwa hasira na picha ziko kwenye simu yake, ni za nani? Ni za kikundi. Lakini afadhali msifike huko. Andikeni kwenye katiba ya kikundi, pale mnapoandika juu ya muhuri na kitabu cha benki, kwamba picha zote za mradi ni mali ya kikundi na zinakabidhiwa pamoja na daftari. Wekeni nakala kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ikae na mweka hazina, na zile zilizochapishwa zikae ofisi ya parokia au ya chifu, popote mnapoaminiana. Vikundi vinavyojiandikisha upya chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 vitaandika katiba hata hivyo, basi ongezeni mstari huo mmoja. Wanaotaka kujaribu leo, kiwanja cha josho kiko hapa nyuma na mvua bado haijaja. Simu nne zinatosha.